Gari limechukuliwa bila ruhusa yako: simu, polisi, mahakama, bima, au ulifuate mwenyewe?

Njia za kulirudisha gari lililochukuliwa bila ruhusa hazizidi sita: kumbana aliyelichukua kwa maneno, kwenda polisi, kulifuata mwenyewe na ufunguo wa akiba, kufungua kesi ya madai, kuiachia kampuni ya bima, au kumlipa mtu akutafutie. Karibu kila mwenye gari anazijua. Kinachowasumbua watu ni mpangilio: ipi itangulie, ipi isubiri, na ipi ukiigusa mapema inaziba nyingine. Hatua inayofaa kwa gari lililobebwa usiku na mtu usiyemjua inaweza kukuponza iwapo gari liko kwa shemeji yako. Kwa hiyo tuanze na aliyelichukua, njia zitafuata.

Lilitokaje mikononi mwako?

Kwanza hakikisha limechukuliwa kweli. Gari lililoegeshwa pasiporuhusiwa huvutwa, na gari lenye mkopo uliochelewa linaweza kuondolewa na mkopeshaji wakati umelala. Simu mbili, moja kwa wanaovuta magari eneo lile na nyingine kwa anayekudai, zinakuepusha kuripoti wizi ambao haukutokea. Uliza nyumbani pia, kila mwenye uwezo wa kuufikia ufunguo.

Ukishajiridhisha, swali linalobaki ni hili: ufunguo au gari alilipataje? Kuna ambaye hukumpa chochote na humjui. Kuna unayemjua, wa nyumbani au wa kazini, aliyechukua ufunguo bila kuuliza. Kuna uliyempa kwa mkono wako, akakubali kurudisha jioni, na sasa jioni kadhaa zimepita. Na kuna anayesema ana haki nalo: mwenzi mnayetengana, mshirika wa biashara, fundi anayedai hajalipwa, mtu uliyeanza kumuuzia akalipa nusu. Watu hawa wanne wanaonekana sawa ukiwa na hasira, lakini sheria inawatazama kwa macho tofauti kabisa.

Katika nchi nyingi, wizi unahitaji nia ya kukunyima mali moja kwa moja. Anayelichukua gari akazunguke nalo kisha aliache mahali anaweza asiingie kwenye tafsiri hiyo, na ndiyo sababu nchi kadhaa zimeweka kosa la pembeni. Uingereza inalo katika Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, kifungu cha 12: kuchukua chombo cha usafiri bila ridhaa ya mwenyewe. Ndani ya kifungu hichohicho mna kinga kwa mshitakiwa: hana hatia akiwa aliamini kwamba mwenye gari angekubali kama angejua. Kijana wa nyumbani atasema hivyohivyo, “nilijua hutakataa”. Ujerumani wanalo kosa la kutumia chombo bila idhini, kifungu cha 248b cha kanuni ya adhabu, lakini dola haimshitaki mtu mpaka mwenye haki aombe rasmi, na muda wa kuomba ni miezi mitatu tangu ajue kosa na aliyelitenda. Ukikaa kimya ukisubiri moyo wake ubadilike, mlango huo unajifunga.

Jambo la pili linalotegemea namna gari lilivyotoka ni hatima yake likiuzwa. Kanuni ya zamani ni kwamba mtu hawezi kutoa umiliki asiokuwa nao, hivyo aliyenunua gari la wizi hapati umiliki hata kama alinunua kwa nia njema. Lakini Ujerumani inatofautisha: kitu kilichoibwa hakipati mmiliki mpya kwa ununuzi wa kawaida, ilhali kitu ulichokabidhi kwa hiari, kikauzwa na uliyemwamini, kinaweza kuwa cha mnunuzi mwenye nia njema. Sheria ya biashara inayotumika katika majimbo ya Marekani nayo inamlinda mnunuzi wa kawaida endapo uliliacha gari kwa mfanyabiashara wa magari, naye akaliuza. Kwa maneno mengine, gari ulilomwazima mtu au kuliacha kwenye yadi ya kuuzia linaweza kuwa katika hatari ya kisheria kubwa kuliko lililovunjwa kioo na kuibwa. Watu hudhani ni kinyume chake, ndiyo maana humvumilia mno mtu wanayemjua. Hati halisi ya umiliki isikae kwenye gari kamwe. Mnunuzi makini ataiulizia, na kukosekana kwake kunamfungulia macho.

Simu kwanza au polisi kwanza?

Kwa mtu usiyemjua, jibu ni polisi, dakika ileile. Hakuna cha kujadili. Gari lililoibwa na wanaojua kazi yao hubadilishwa namba, hukatwa vipuri au huvushwa mpaka, na kila saa inakwenda upande wao. Polisi wakiliingiza mapema kwenye kumbukumbu, linaweza kukamatwa kwenye kizuizi cha kawaida cha barabarani, na taarifa yake inaweza kufika kwenye kanzidata ya magari yaliyoibwa ya Interpol, ambayo nchi wanachama huitafuta. Nenda na namba ya usajili, rangi, alama za pekee kama mkwaruzo au kibandiko, na zaidi ya yote namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 kwa kawaida yana namba ya herufi na tarakimu 17, bila herufi I, O wala Q, kwa kuwa zinafanana na tarakimu. Kwa hiyo ukijikuta umeandika O mahali popote, ni sifuri. Namba za usajili hubadilishwa kwa bisibisi. Ya chesisi inahitaji kukwaruza chuma.

Kwa mtu unayemjua, ninaweka ujumbe wa maandishi mbele ya polisi, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo wengi huharibu.

Ukimpigia simu mkagombana, mwisho wa siku kuna maneno yako na maneno yake. Ukifika kituoni, askari atauliza ulimpa au hukumpa, utasema uliwahi kumpa zamani, atasema hilo ni suala la madai, nenda mahakamani. Utatoka umekata tamaa. Lakini ukimwandikia, “Gari langu namba fulani ulilichukua Jumatatu bila ruhusa yangu. Sikubali uendelee kulitumia. Lirudishe nyumbani leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Lisiporudi nitatoa taarifa polisi,” umefanya mambo kadhaa kwa mistari minne. Umeondoa ile kinga ya “nilijua atakubali”. Umemgeuza aliyeazima kuwa mtu anayeshikilia mali bila ridhaa, jambo ambalo polisi wanaweza kulishika. Umetengeneza ushahidi ambao mahakama ya madai itauhitaji, kwa sababu katika kesi ya kuzuiliwa mali swali la kwanza huwa ni kama uliidai na ukakataliwa. Na bima nao wataona ulichukua hatua.

Muda unaompa uwe wa saa, usiwe wa wiki. Akijibu kwa kukataa, kwa matusi au kwa kunyamaza huku umeona ameusoma, hifadhi picha ya mazungumzo na uende kituoni siku hiyohiyo. Usiongeze vitisho vya kumpiga au kumwaibisha, na usimwandikie kwamba akikulipa kiasi fulani hutamshitaki. Katika nchi nyingi kudai fedha kwa kumtishia mtu mashitaka kunaweza kuwa kosa lenyewe, nawe ukawa ndiye wa kujieleza.

Polisi wana upande wao mgumu ambao lazima uujue kabla ya kusaini maelezo. Ukishatoa taarifa, shauri si lako peke yako tena. Mdogo wako anaweza kukamatwa barabarani kwa nguvu kama mwizi wa kawaida, na kusema “nimemsamehe” hakufuti jalada moja kwa moja. Mara nyingi uamuzi uko kwa waendesha mashitaka. Gari lenyewe linaweza kuwekwa kwenye yadi ya polisi kama kielelezo, ukaliona kwa macho usiweze kuliendesha. Omba mapema, kwa maandishi, likishapigwa picha na kukaguliwa ukabidhiwe. Sehemu nyingi utaratibu huo upo.

Na kuna kosa moja la kujiumiza vibaya: kusema uliibiwa wakati ulimwazima. Mtu hufanya hivyo ili polisi waharakishe. Ni taarifa ya uongo, yenye adhabu yake, na ikibainika bima wanapata sababu ya kukataa madai yako yote. Sema ilivyokuwa: nilimpa siku fulani kwa kazi fulani, ruhusa iliisha siku fulani, nimemwambia arudishe, amekataa. Maelezo hayo yana nguvu ya kutosha.

Kulifuata mwenyewe

Hii ndiyo njia inayovutia kuliko zote. Gari ni lako, ufunguo wa akiba unao, na umeliona limeegeshwa mtaa wa tatu. Ikifanikiwa, ni ya haraka na haina gharama. Nawaelewa wanaoichagua.

Inafaa katika hali moja finyu: aliyelichukua unamjua, hana dai lolote juu yake, gari liko mahali pa wazi ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kuingia, unafungua kwa ufunguo wako, na hakuna wa kukuzuia. Ukikosa kimojawapo, acha. Kuruka uzio au kuingia uwanjani kwa mtu kunakupa wewe kosa la kuingia kwa jinai. Kumsukuma akitaka kukuzuia kunakupa kosa la shambulio. Sheria nyingi huruhusu mwenye mali kuinyakua papo hapo kutoka kwa anayekimbia nayo. Ujerumani, kwa mfano, inataja wazi aliyekutwa akitenda au anayefukuzwa. Siku zikishapita, ruhusa hiyo inasinyaa. Hata wakopeshaji wa Marekani, ambao sheria inawapa haki ya kuchukua gari la mdaiwa bila amri ya mahakama, wanatakiwa kufanya hivyo bila kuvunja amani. Mdaiwa akitoka nje na kupinga, wanatakiwa kuondoka.

Kama ni mwizi usiyemjua, usiende kabisa, hata kama ramani inakuonyesha nyumba. Hujui wako wangapi wala wana nini. Toa mahali lilipo kwa polisi na uendelee kuwapa kila linaposogea.

Kuna jambo watu husahau, na linaweza kuua: ukishatoa taarifa ya wizi kisha ukalichukua mwenyewe, gari bado limo kwenye orodha. Askari watakaokusimamisha njiani hawajui wewe ni mwenyewe. Wanaona gari la wizi na dereva ndani yake. Piga kituo ulichoripoti kabla ya kuwasha injini, taja namba ya taarifa yako, wakuambie ama uwasubiri ama litolewe kwenye orodha. Bora zaidi, omba askari wakusindikize tangu mwanzo. Wengi hukubali wakijua kazi yao ni kusimama tu pasitokee vurugu.

Kifaa cha GPS au kibandiko cha kutafuta funguo?

Vyote viwili vinakuonyesha gari lilipo, lakini vimetengenezwa kwa makusudi tofauti. Kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye nyaya za gari hupata mahali kutoka kwenye setilaiti na kukutumia kupitia mtandao wa simu. Kinaonyesha mwendo, njia na muda, na kumbukumbu zake zinasomeka vizuri mbele ya polisi au mahakama. Udhaifu wake ni mawimbi: ndani ya kontena au gereji ya chini ya ardhi kinanyamaza, na wezi wazoefu huwa na vifaa vya kuyavuruga.

Vibandiko vidogo kama AirTag, iliyotoka mwaka 2021, havina GPS ndani. Hutegemea simu za watu wanaopita karibu. Ni rahisi kuvificha na betri hudumu kama mwaka mzima. Lakini kwa sababu watu walianza kuvitumia kufuatilia wenzao kwa siri, simu sasa humwonya mtu kwamba kuna kifaa kisicho chake kinasafiri naye. Onyo hilo linamfikia mwizi pia. Kwa mtazamo wangu kibandiko ni cha kukupa saa chache za mwanzo tu. Anayeweza kumudu GPS ya kufungwa asitosheke nacho.

Kuzima injini kwa mbali kunahitaji tahadhari ya pekee. Injini ikizimwa gari likiwa kasi, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada, na watakaoumia ni waenda kwa miguu wasiohusika. Mfumo mzuri huzuia injini isiwake tena baada ya kuzimwa, au hupunguza mwendo taratibu polisi wakiwa nyuma yake. Kama wako hukata papo hapo, subiri lisimame.

Mahakama au bima?

Hizi hukutana pale polisi wamekwama au wamesema si jinai, na zinatoa matunda tofauti: mahakama inaweza kukurudishia gari lenyewe, bima hukupa fedha.

Mahakama ndiyo njia sahihi kwa kundi la nne, wale wenye dai. Mwenzi ambaye jina lake limo kwenye hati, mshirika wa biashara, fundi. Kwa fundi hasa fikiri vizuri kabla ya kumwita mwizi: katika nchi nyingi aliyetengeneza gari kwa idhini yako ana haki ya kulizuia mpaka alipwe. Hana haki ya kuliendesha kwa shughuli zake, na hapo ndipo unapoweza kumbana, lakini kulizuia kwenyewe kunaweza kuwa halali. Wakati mwingine kumlipa huku ukiandika kwamba unalipa kwa kupinga, kisha kudai kilichozidi, kunakuokolea miezi.

Kesi ya namna hii haihitaji kuthibitisha nia ya wizi, inatosha kuonyesha haki yako ya kulimiliki na kwamba ulilidai ukanyimwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1977 inayohusu kuingiliwa kwa mali, mahakama inaweza kuamuru gari lirudishwe, au impe mdaiwa kuchagua kati ya kurudisha na kulipa thamani, au itoe fidia tu. Hati yako ya madai iseme wazi unataka gari. Majimbo ya Marekani yana utaratibu wa kukabidhiwa mali kabla ya hukumu, kwa kuweka dhamana ambayo katika majimbo mengi ni mara mbili ya thamani ya gari. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1972 katika shauri la Fuentes dhidi ya Shevin, kwa kawaida upande wa pili lazima upewe nafasi ya kusikilizwa kwanza. Popote ulipo, omba mapema amri ya muda ya kuzuia gari lisiuzwe wala kuhamishwa. Amri hiyo hupatikana haraka kuliko hukumu na mara nyingi ndiyo inayookoa gari. Chunguza pia kama mahakama ya madai madogo ya kwenu inaweza kuamuru mali irudi, kwa kuwa baadhi hutoa amri za fedha tu. Tunza risiti za usafiri uliolipia wakati huna gari, zinadaiwa.

Bima inafaa gari likiwa limepotea kweli. Masharti yanayowaangusha watu yanajirudia kila mahali: bima ndogo, ile ya kulinda wengine, haigusi wizi, ufunguo ulioachwa ndani ya gari unaweza kufuta madai, na gari lililochukuliwa na mtu uliyempa ufunguo au anayeishi nyumbani kwako mara nyingi limeondolewa kwenye wizi unaolipwa. Soma kipengele hicho leo, ukiwa bado na gari. Wape taarifa mara moja hata kama unatumaini litarudi, kwa sababu kuchelewa kutoa taarifa nako ni sababu ya kukataliwa. Fahamu pia kwamba wakishakulipa thamani yote, gari likipatikana baadaye ni lao. Kama lilikuwa na kitu kisicholipika kwa fedha, sema nao kabla ya kusaini.

Kumlipa mtu akutafutie

Hapa sitakaa. Mpelelezi mwenye leseni anayetafuta mahali gari lilipo na kukukabidhi taarifa anaweza kusaidia kesi ya madai. Vijana wa mtaani wanaoahidi kulileta usiku ni hatari: wakimjeruhi mtu, wewe ndiye uliyewatuma. Na anayekupigia akisema anajua lilipo, tuma fedha kwanza, mpe polisi namba yake.

Ningepanga hivi

Mgeni: polisi, kisha bima siku hiyohiyo, na taarifa za GPS mikononi mwa polisi. Wa nyumbani au wa kazini: ujumbe wa maandishi wenye saa ya mwisho, kulichukua mwenyewe kama liko wazi na hakuna ubishi, vinginevyo polisi. Uliyemwazima: ujumbe uleule, lakini muda mfupi zaidi, kwa sababu ya hatari ya kuliuza, arifu pia mamlaka ya usajili kwamba umiliki usihamishwe, kama wana utaratibu huo. Mwenye dai: mwanasheria na amri ya muda, polisi wakibaki kwa ajili ya vurugu tu.

Gari likirudi, usilioshe. Lipige picha ndani na nje, andika kilomita, angalia chini ya viti na kwenye buti kwa kuwa kilichoachwa humo kinaweza kuwa ushahidi au kitu usichotaka kukutwa nacho, na ukiona kitu cha namna hiyo waite polisi kabla ya kukigusa. Funga taarifa kituoni na upate maandishi kwamba imefungwa. Breki na matairi yakaguliwe kabla ya safari ndefu. Ufunguo ambao haukurudi ufutwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi wa funguo mwenye mashine anaweza kufanya hivyo na ufunguo huo hautaiwasha injini tena, ila bado unaweza kufungua mlango, hivyo kitasa nacho kibadilishwe. Faini zilizoandikwa siku ambazo hukuwa nalo zitakuja kwa jina lako, na tarehe na saa kwenye namba ya taarifa ya polisi ndiyo utakayoitumia kuzipinga.